Leo nimeshikwa kama ndama wa kuchanjwa

Jamani, shingo bado inauma, naandika hivyo hivyo.

Mazoezi ya jiujitsu, ule mchezo wa kukabana chini, hapa mtaani kwetu Kashaulili, nimepangwa na Shija, mgeni mazoezini, mchunga ng'ombe.

Nikalala chali, nyayo kwenye nyonga zake ili asinisogelee. Ndivyo tunavyofundishwa.

Yeye akaona ndama!

Kadaka miguu yangu yote miwili, kaikunja pembeni, goti shingoni.

Pumzi zikakata.

Nikampigapiga mgongoni, ile ishara ya kwamba nimeshindwa. Akazidi kukandamiza! Nikamwita Mama Maria kimoyomoyo.

Kocha ndo akamvuta. "Mwenzio anakupigapiga, huachii?"

"Sa kocha, ndama akitapatapa si ndo unambana zaidi?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Shija akanipa mkono. "Pole kaka. Kesho nitakubana taratibu."

Nyie, mngeenda hiyo kesho?