Ukiulizwa, Sema Hunijui

Miaka minne niliendesha bodaboda Mbeya bila leseni, na haikuwa kwa shida. Nilikuwa mvivu wa mlolongo: shule ya udereva, cheti, jaribio, alama za vidole, njoo kesho. Kuendesha nilijua tangu kwetu Iringa, nikikatiza mashamba ya mahindi na pikipiki ya mjomba. Nikajiuliza, karatasi itanifundisha nini?

Kijiweni kwetu Ilomba tulikuwa wengi wa namna hiyo, na tulikuwa na elimu yetu. Bodaboda anayekuja kutoka mbele akigonga helmeti yake mara mbili, ujue trafiki wamesimama. Hapo unamshusha abiria, unazima injini, unasukuma pikipiki kana kwamba imekufa, naye abiria anatangulia kwa miguu kama mtu asiyekufahamu. Mnakutana upande wa pili. "Ukisukuma wewe siyo dereva," mwenzangu mmoja alikuwa akisema. "Wewe mtembea kwa miguu mwenye mzigo mzito." Tulicheka sana. Abiria wa Mbeya walishazoea, wengine walishuka hata kabla hujawaambia.

Baba yangu hakuwa abiria wa Mbeya. Alikuwa mkulima wa kijijini Iringa na mzee wa kanisa letu la Kilutheri, mtu ambaye akiokota jembe njiani hulitangaza ibadani mpaka mwenyewe apatikane. Alikuja kwangu kutolewa mtoto wa jicho. Nilipokwenda kumchukua hospitali, jicho la kulia lilikuwa na bandeji na la kushoto nalo lilikuwa la kubahatisha. Nilimpakia, akanishika kiuno, akawa ananisimulia habari za mvua za nyumbani. Alikuwa na furaha. Hilo nalikumbuka vizuri kuliko ninavyopenda.

Tulipokaribia Mwanjelwa, bodaboda wa mbele akagonga helmeti mara mbili.

Nilimshusha baba pembeni. "Baba, mbele kuna trafiki na mimi sina leseni. Wewe tangulia pembeni ya barabara, mimi nakuja nyuma. Ukiulizwa, sema hunijui."

"Nisikujue?"

"Ni dakika tano tu, baba."

Alinitazama kwa lile jicho moja. Nilidhani hajanielewa. Alikuwa amenielewa vizuri kabisa. Akageuka, akaanza kutembea, mkono mmoja mbele ukipapasa hewa.

Askari alikuwa dada wa makamo, mwenye heshima zake. Alimwona mzee anatembea peke yake na bandeji, akamfuata. "Shikamoo mzee. Mbona uko peke yako na jicho hilo?"

"Marahaba. Natoka hospitali, mama."

Ndipo akanitazama mimi niliyekuwa nikisukuma kwa jasho la uongo, helmeti moja kichwani, nyingine inaning'inia kwenye usukani. "Huyu kijana mwenye pikipiki uko naye?"

Malori ya Tunduma yalipita mawili. Ningeweza kusema mimi, sentensi moja tu, nikaandikiwa faini yangu, tukaenda nyumbani. Sikusema.

"Simjui," baba akasema.

Askari aliamini. Nani asingemwamini mzee yule? Alimshika mkono, akamleta mpaka nilipo, akaukabidhi ule mkono kwangu. "Kijana, huyu mzee haoni vizuri. Msaidie mpaka apate usafiri. Mchukulie kama baba yako."

"Sawa, afande," nikasema.

Tulipovuka niliwasha pikipiki, nikamwambia apande. Alikataa. Hakufoka, alitembea tu. Mpaka Ilomba alitembea mbele na mimi nikasukuma nyuma, na safari hiyo hapakuwa na trafiki yeyote. Kesho yake alipanda basi kurudi Iringa.

Kwetu mtu akianguka dhambini hutengwa na Meza ya Bwana, mpaka siku atakaposimama mbele ya usharika, atubu na kurudishwa kundini. Kwa miaka mingi baba ndiye aliyewashika mkono wanaosimama, mabinti waliopata mimba, walevi, waliokwenda kwa waganga. Sasa alijitenga mwenyewe. Mchungaji alimwambia jambo lenyewe dogo, aombe nyumbani yaishe. Hakukubali. Mama alinieleza kwa simu kwamba mzee hukaa benchi la nyuma kabisa, na wenzake wakienda mezani yeye hubaki ameinamisha kichwa.

Nilimpigia. Nilidhani nitamtania kidogo, tucheke, iishe.

"Uongo tulifanya wawili," alisema, "na kusimama tutasimama wawili. Njoo Jumapili yoyote utakayoweza."

Nilikasirika. Mtu mzima wa miaka yake kung'ang'ania neno moja la barabarani! Nikamwambia ngoja kwanza nipate leseni, nisije nikatubu huku bado natenda. Ilikuwa hoja nzuri na ilimfurahisha. Nikaenda shule ya udereva, nikafanya jaribio, na baada ya wiki chache leseni ikatoka. Kumbe mlolongo wenyewe ulikuwa mfupi hivyo. Nilimtumia mama picha ya leseni ili amwonyeshe baba.

"Sasa unakuja?" baba akauliza.

Nikasema mvua zipungue. Zikapungua, nikasema pikipiki iko gereji. Ukweli ni kwamba niliona aibu. Kanisani pale kuna watu niliocheza nao utotoni, na ningesimama mbele yao kusema nilimfundisha baba yangu kunikana. Wanasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Mimi tumbo halikuniuma, nililala usingizi wangu vizuri.

Msimu wa baridi kifua kilimbana baba. Mchungaji alimletea chakula cha Bwana kitandani, akaweka kitambaa cheupe juu ya stuli. Mama alimsihi apokee. Baba akasema, "Acha kijana aje kwanza." Mchungaji akakunja kitambaa chake.

Mama alinipigia Jumamosi asubuhi. Nikamwambia nitatoka Jumatatu, kwa sababu Jumapili watu wa kanisani na sokoni ni wengi na kazi huwa nzuri. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu, nikiwa nimekaa juu ya pikipiki, leseni mfukoni. Mabasi ya Iringa yalikuwa yanapita mbele yangu.

Alifariki Jumapili mchana.

Mchungaji alimzika vizuri, kwa nyimbo zote, na alimsema vema kaburini. Hakuna aliyeninyooshea kidole. Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya usharika peke yangu. Nilieleza yote, pale Mwanjelwa, helmeti mbili, neno nililomfundisha. Mchungaji akaniuliza kama natubu, nikasema natubu. Watu wakaimba. Nikapiga magoti mezani nikapokea mkate na kikombe, na wazee waliokaa na baba miaka yote wakanipa mkono mmoja mmoja.

Mama alikuwa ananisubiri mlangoni. Alinipangusa kola ya shati kwa kiganja, kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mdogo.

"Umerudi kundini, mwanangu," akasema. "Baba yako kafa nje, akikungoja."