Mshono Usioguswa

Asubuhi za Kawangware zimepungukiwa na sauti moja. Tangu Nasike aondoke, yadi ya vyuma ya Kihara hufunguliwa kimya kimya, na ukimya huo unafika hadi ng'ambo ya barabara, kwa Mama Becky mwenye ploti, ambaye siku hizi huamka jua likiwa juu na kuulaumu ulimwengu.

"Grainda ya huyo msichana ikisaga vyuma ndiyo ilikuwa saa yangu," husema. "Sasa nitaamshwa na nani?"

Nasike alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Alitoka Bungoma, akapanga chumba Gatwekera, Kibera, na kila asubuhi akatembea kutoka huko hadi kwa Kihara kutengeneza mageti. Alikuwa na mkono mwepesi na kicheko kilichosikika juu ya nyundo zote. Lakini geti, ukilifikiria sana, ni kitu cha huzuni: kazi yake yote ni kumwambia mtu asipite. Nasike alilifikiria sana. Alitaka, kabla mikono haijazeeka, kuunganisha kitu kinachopitisha.

Kwa hiyo mwalimu wake wa masomo ya jioni, Muia, alipotangaza kwamba kampuni inayolaza mabomba ya mafuta chini ya bahari ya kina kirefu inatafuta wachomeleaji, na kwamba atakayefaulu mtihani atapanda meli, Nasike alijiandikisha kabla mwalimu hajamaliza kusema.

Kihara hakuelewa habari ya meli ya kuchota mafuta, ambako mabomba hayo huishia. "Hiyo meli ya kuchota mafuta inakaa hapo juu ya kisima miaka yote, na chini ni maji zaidi ya kilomita moja. Inashikwa na nini? Maombi?"

"Nanga na minyororo, boss."

"Wacha zako."

Nasike akachukua mkebe mdogo wa rangi kuwa meli, akaufunga kwa mnyororo wa geti uliofungwa kwenye tofali, akavitia vyote katika pipa la maji. Mkebe ukazama.

Yadi nzima ikaangua kicheko. "Amezamisha meli hata kabla apewe kazi!"

"Ngojeni, manze!" Akautoa, akakata mnyororo, akabakisha kipande cha kulala chini kando ya tofali. Sehemu ya juu akaweka kamba ya plastiki ya kuanikia nguo. Mkebe ukaelea. Akausukuma kwa kidole. Mnyororo ukainuka kidogo kutoka chini, kisha uzito wake ukaurudisha mkebe taratibu mahali pake.

"Mnyororo peke yake ni mzito sana kwa kina hicho," akasema. "Kamba inapunguza uzito. Halafu bomba linapanda hapo kando likileta mafuta."

Kihara akausukuma mkebe mara nyingi kuliko ilivyohitajika. "Na wewe utakuwa wapi?"

"Kwa meli ingine, ya kulaza bomba. Tunaunga kipande kwa kipande, tunateremsha polepole. Mshono ukivuja huko chini, hakuna fundi wa kushuka na spana."

Siku ya mtihani alichomelea kama alivyofundishwa, tabaka juu ya tabaka. Kisha, bila kufikiri, akanyakua grainda akausaga mshono mpaka ukang'aa kama kijiko. Kawangware, mteja hupitisha kiganja juu ya geti kabla ya kulikubali, na kiganja kikikwama halichukui. Nasike akapitisha chake. Laini. Akatabasamu.

Muia akaja, akasimama. "Nasike, mshono uko wapi?"

"Si ni huo, mwalimu? Hata hauonekani!"

"Hiyo ndiyo shida. Ukisafisha kati ya tabaka na tabaka, sawa. Lakini ile ya juu kabisa inaachwa vile ilitoka mkononi, mkaguzi aisome. Hii hata haifiki kupigwa eksirei ya kuona ndani."

Alianguka hivyo. Muia akampa nafasi moja tu ya kurudia, juma lililofuata. Baada ya hapo, meli ingeondoka na wengine.

Juma hilo, kila kilichotoka mkononi mwa Nasike kilikuwa na mshono wazi. Mama Becky aliletewa stendi ya tangi la maji, akaiinamia.

"Nasike, hizi ni nini? Viwavi?"

"Ndiyo mishono yenyewe, Mama Becky."

"Mimi niliitisha stendi, sikuitisha viwavi. Saga!"

"Wiki hii siwezi, haki. Mkono unajifunza kuacha."

"Kuacha nini?"

"Kuficha."

Mama Becky akakikuna kiwavi kimoja kwa ukucha. "Basi paka rangi, walau."

Mtihani wa pili ulipokwisha, mkono wa kulia ulianza safari yake ya zamani kuelekea grainda. Nasike akaukalia. Aliketi juu ya benchi, kiganja chini ya paja, kama mtoto aliyekatazwa sukari, huku chuma kikipoa na kutoa vimlio vidogo. Muia akafika na tochi, akauzunguka mshono polepole.

"Mkono wako mwingine uko wapi?"

"Nimeukalia, mwalimu. Si wa kuaminika."

Muia alicheka mpaka tochi ikatetemeka. Picha ya eksirei ilipotoka, hapakuwa na tundu wala ufa. Kihara alifunga yadi mapema akawanunulia watu wote soda.

Stendi haikusagwa kamwe. Mama Becky huwaonyesha wapangaji wapya, akipitisha kidole juu ya viwavi vyake: "Hivi ndivyo vinalala chini ya bahari."

Melini, picha ikionyesha dosari, lazima mtu aisage dosari hiyo tu, asiguse zaidi, kisha ajaze upya. Kazi hiyo wamempa Nasike, pamoja na grainda. Yuko zamu ya mchana, mbali na pwani ya Angola.