Mizinga ya Mpingo

Baba alikuwa mchonga vinyago hapa Temeke. Alipofariki, mwaka mmoja baada ya mama, alituachia manowari ya mti wa msufi, urefu wa mkono wangu, yenye minara minne ya mizinga ya mpingo. Kwa wachongaji wa kwetu, kazi ya heshima ni ya mpingo. Alikuwa amemwahidi mdogo wangu wa kike kwamba ipo siku itaelea na mizinga itageuka.

Ahadi ile niliirithi mimi. Nilikuwa nimeacha shule darasa la sita, najifunza ufundi wa redio. Fundi wangu alinipa gari bovu la kuchezea, lile linaloendeshwa kwa redio. Nikang'oa mitambo yake, nikaifunga tumboni mwa manowari pamoja na betri, nikaunganisha mota na minara kwa uzi wa kushonea viatu. Pale mezani nilipobonyeza rimoti ya lile gari, minara yote iligeuka. Mdogo wangu akapiga kigelegele.

Kwenye dimbwi la mvua nyuma ya nyumba, manowari ilipinduka. Mpingo ni mzito, hauelei. Baba hakuwahi kuchonga kitu cha kutia majini.

Nilianika mitambo siku tatu, kisha nikatengeneza minara mingine kwa kopo la mafuta ya kupikia. Manowari ikaelea.

"Umefurahi?" nikamuuliza mdogo wangu.

"Imeelea, kaka." Alikuwa ameikumbatia minara ya mpingo kifuani. "Lakini ya baba iko huku."

Nikaendelea kubonyeza, mizinga ya kopo ikageuka na kugeuka.