Mlezi Niliyepewa Upande wa Pili wa Masale

Enzi zetu kule Bwera, enzi za simu za tochi na kucheza kwepena mpaka giza liingie, mtoto wa kanisa hakujichagulia mlezi. Ulipokaribia kipaimara uliitwa mbele, ukasimama na viatu vyako vya kuazima. Mtu mzima asiye ndugu yako akanyanyuka kwenye benchi, akakushika mkono na kusema wewe ni wake. Tangu hapo kila Jumamosi ulishinda kwake: umenye naye mihogo, uchambue kahawa, usome Neno, ule bundu, ule ugali wa muhogo, na sombe ya majani yake, na ukikosea akukanye kama mama yako mzazi. Vijana wa leo wakisikia hivyo wanauliza kama tulikuwa tunalipwa.

Zamu yangu ilipofika niliomba kimoyomoyo nipewe mwalimu wa kwaya, aliyekuwa na sauti nyororo na biskuti ndani ya mkoba. Akasimama Mama Biira! Kanisa zima likaguna. Huyu alikuwa jirani yetu, muuza nyanya wa soko la Mpondwe, na hawakuwa wamesalimiana na mama yangu tangu mvua kubwa ilipong'oa masale, ile mimea ya mpaka iliyotenganisha mashamba yetu mlimani. Kila mmoja aliyapanda upya pale anapopajua yeye, na kila mmoja akang'oa ya mwenzake.

"Huyu mutoto iko wangu," alisema. Mama alishika ukingo wa benchi. Nyumbani akaniambia, "Utaenda, juu ni kanisa imesema. Lakini siku utarudi na maneno ya ule mwanamke mu kinywa, hautarudi kule tena."

Nilienda kwa hofu. Ni kweli Mama Biira alikuwa na mdomo: aligombeza kuku, wateja, hata sufuria. Lakini sombe yake, jamani! Na ndiye aliyenifundisha kumtazama mtu machoni ninapoomba msamaha, na kuagana vizuri na mteja aliyekataa kununua. Haikuchukua muda nikampenda, nikawa naogopa kunyang'anywa. Kabla ya kula aliomba kwa sauti, na niliyoyasikia yalinifumbua macho katikati ya sala. Nyumbani sikuthubutu kuyasema.

Wiki ya kipaimara kila mtoto alisimamishwa kanisani na mwinjilisti akamwuliza, "Umeona nini mu ile nyumba?" Wazee waliliogopa swali hilo kuliko mahubiri. Mwenzangu Bwambale alisema mlezi wake husali huku amelala na hukoroma kabla ya amina. Watu wakacheka. Kisha nikaitwa mimi. Mama alinikazia macho, Mama Biira akainamia miguu yake. Nilijua neno moja baya lingenitenga naye, lakini nani angedanganya mbele ya madhabahu?

"Nimeona anaombea mama yangu kila Jumamosi," nilisema. "Anasema, 'Mungu, bariki Mama Masika, umupe afya na mavuno. Lakini ule mupaka iko yangu.'"

Mama akasimama. Sijawahi kuogopa vile.

"Na mimi namuombeaka kila siku," alisema. "Na ule mupaka iko yangu."

Watu waliangua kicheko, mwinjilisti akalazimika kukaa. Wao wawili hawakucheka. Walitazamana kama watu waliogongana mlangoni. Miaka yote ile wakiombeana, na hata salamu hakuna! Niliduwaa, na hadi leo sijazinduka. Njiani kurudi nyumbani mama alisema tu, "Jumamosi uwahi. Umubebee mihogo."

Ubishi wa shamba haukwisha. Lakini Mama Biira alipougua, mama ndiye aliyekuwa akimwogesha, wakibishana kuhusu masale huku maji yanapoa.

Siku hizi walezi wako kwenye simu. Asubuhi wanatuma aya yenye maua yanayometameta, na mlezi akikukera unamfungia namba. Juzi niliwauliza vijana kwenye kundi letu la simu la kanisa: nani kati yenu amewahi kula nyumbani kwa mlezi wake, akasikia anavyomwombea mtu aliyemkasirikia?

Nilingoja jibu. Wakanitumia vidole gumba.