Mama wa Utafiti na Makopo ya Mafinga

Yule mama anayesimamia utafiti wa dawa ya mitishamba ya magoti hana makeke. Leo yuko Iyunga, kesho Iringa, halafu anashuka Mafinga na baridi lake, na kabla hajamgusa mtu goti anasugua kwanza viganja vyake mpaka vipate moto. Muharami, mpasua mbao, anampendea hapo. Ndiyo maana siku ile alikaa kwenye benchi la zahanati roho juu. Washiriki wa utafiti walishaambiwa tangu mwanzo kwamba makopo mengine yana dawa, mengine mafuta matupu, na hata mama mwenyewe hajui lipi ni lipi. Sasa yeye na rafiki yake Aroni, kwa kuogopa mmoja asije akapunjika, wakamimina makopo yao yote mawili kwenye sufuria, wakakoroga, wakagawana.

“Nani kawatuma?” mama akauliza, Muharami alipomaliza kuungama.

“Nipone peke yangu, Aroni nimtazame vipi?” Muharami akafoka. “Nifukuze tu, kuchechemea nimeshazoea!”

Mama akafumba macho, akavuta pumzi. Akampigia bosi wake Mbeya. “Wawili wa huku wamechanganya dawa. Naandika hivyohivyo. Hapana, bosi, kliniki siwafukuzi. Magoti yao nitaendelea kuyaangalia mimi.” Akakata simu, akachuchumaa. “Lete mguu, baba, punguza hasira. Huyo Aroni yuko wapi?”

“Kajificha chooni, mama.”

“Kamtoe. Mwambie sili mtu.”