Siku Niliposoma Wasifu wa Baba

Siku moja sitaisahau, mwanangu, nayo ni ile tuliyomzika baba yangu kule Sibwesa. Nilikuwa msichana aliyemaliza sekondari juzi juzi, najiona mwandishi kamili, maana nilikuwa na madaftari mawili ya hadithi na kiburi cha kujaza gunia. Wazee wakasema, "Si Tatu ndiye anayejua kuandika? Basi atuandikie wasifu wa marehemu, ausome makaburini."

Nilifurahi, Mungu anisamehe. Msiba wa baba yangu mzazi, nami nafurahia kupata wasikilizaji! Nikajifungia chumbani nikajaza kurasa nne: baba nguzo ya jamii, baba hazina ya hekima, baba mtu asiyejua hasira. Kila neno gumu nililowahi kulisikia redioni nililitafutia nafasi.

Na mama alikuwa hajalia. Tangu baba akate roho alikaa tu mkekani, macho makavu, chakula hagusi, ukimsemesha anakuitikia kwa kichwa. Shangazi zangu waliogopa tutazika wawili. Mimi nikajiambia wasifu wangu ndio utakaomfungua.

Nikasoma. Watu walisikiliza kwa adabu, kama wanavyosikiliza matangazo ya kanisani. Mama hakuinua hata uso.

Hapo akasimama Mama Kashindye, mtani wetu. Nyie vijana utani wa msibani mnauona kichekesho tu, lakini kwetu mtani ana ruhusa ya kumsema marehemu mbele ya jeneza na hakuna wa kumkasirikia. Alikuwa amevaa koti la baba, kofia kaishusha hadi kwenye nyusi. Akatembea kama baba, mguu wa kulia ukichelewa kidogo, akaja mpaka mbele yangu.

"Wewe binti, huyo uliyemsoma ni nani? Mimi simjui. Wa kwangu mimi alikuwa anaficha sukari ndani ya buti!"

Kisha akamgeukia mama, kwa sauti ya baba kabisa: "Mama Tatu! Nani kasogeza baiskeli yangu? Nauliza, nani kasogeza?" Baba aliuliza hivyo karibu kila asubuhi, na kila mara alikuwa kaisogeza mwenyewe.

Mama akacheka. Jamani, alicheka! Kicheko kikageuka kilio, akalia mpaka kanga ikalowa, shangazi wamemkumbatia wakimwambia, "Lia wifi, lia." Jioni ile akala ugali.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nisikufiche, nilimwonea wivu Mama Kashindye, hajui hata kusoma na kanishinda mbele ya kijiji kizima.

Baada ya wiki mama akaniita. "Andika tena. Safari hii mwandike baba yako, siyo yule mtu wako." Nikashinda nikiandika: sukari, baiskeli, hasira zake, na siku alipomchapa kaka bila kosa kisha akaenda shambani kwa aibu. Nilipomsomea, mama akanikatiza.

"Hapo umeongopa. Hakwenda shambani. Alikaa nyuma ya nyumba analia. Mimi nilimwona."

Nilikuwa sijui. Nikafuta, nikaandika alivyosema, na ukurasa huo ndio uliofungua riwaya yangu ya kwanza. Mpaka anakufa, mama akijisikia mnyonge alikuwa akiniambia, "Hebu nisomee baba yako." Namsomea, anatabasamu, analala.

Sasa nimezeeka hapa Mpanda nikiandika, na nimeridhika. Vijana wananiletea hadithi zao kwenye simu. Wahusika wote wanaishi ghorofani Dar, wazuri ajabu, na hakuna hata mmoja anayekohoa! Nawacheka, lakini nawapenda, maana nilikuwa hivyo hivyo.

Nikuombalo, mwanangu, umwandike mtu na kasoro zake, kwa mkono wa anayempenda. Ukimsafisha sana, hata mkewe hatamtambua. Ukimaliza, usikimbilie kuwasomea wanaokusifu. Msomee aliyekuwepo, na akikukosoa funga mdomo, shika kalamu. Maneno makubwa yaache yapumzike, yatakuja yenyewe yakihitajika.

Haya, nenda ukaandike. Mungu akubariki, akupe subira ya kukaa kitini, na wale unaowapenda wasikupotee hata watakapokuwa wamekwenda.