Kiporo cha Jong-gil

Tangu niolewe, kila asubuhi nakula kiporo cha mtu ambaye sijawahi kumwona. Jioni mavyaa wangu, Ok-bun, hupakua wali kwenye bakuli la shaba, akalifunika na kulilaza chini ya blanketi, pale sakafu inapopata joto la jiko. Ni la kaka yake, Jong-gil, aliyechukuliwa ujanani kwenye kikosi cha siri na kupelekwa Kaskazini kwa adui, ng'ambo ya mto wa mpakani. Hakuna barua iliyokuja, hakuna maiti. Neno lake la mwisho mlangoni lilikuwa, "Niwekee wali." Basi anawekewa, na kwa kuwa chakula hakitupwi nyumbani kwetu, mimi ndiye ninayekimaliza. Nimeuchukia wali ule, sitaki kudanganya.

Kisha watu wa sinema wakaja kwetu Sokcho. Mwongozaji wao, Pyo, alikula supu ya utumbo mgahawani kwetu, akasikia habari za Jong-gil, akaomba jina lake ampe shujaa wa filamu. Mama Ok-bun alimuuliza jambo moja tu.

"Mto atauvuka arudi?"

"Atauvuka, Mama. Yeye peke yake."

Akampa jina. Akampa na chumba cha nyuma, wapigie picha chakula cha mwisho cha makomando kabla ya safari.

Siku ilipofika makomando wakaingia. Jamani! Vifua vimejaa, nyuso zimepakwa masizi kwa mpangilio, meno yanang'aa.

"Mama Hae-rin," mavyaa akaninong'oneza, "kaka yangu akivua shati mbavu zilihesabika. Hawa wakijificha majanini si wataonekana toka Seoul?"

Wakaanza kuagana. Kila mmoja na hotuba yake, kila mmoja na chozi lake. Halafu, kwa ishara ya Pyo, wa kwanza akachukua kijiko na kukisimamisha wima katikati ya wali. Wa pili naye. Kwetu kijiko husimamishwa hivyo kwa marehemu, kwenye meza ya tambiko. Vijana wale walikuwa wakijifanyia tambiko wangali hai, na zamu ilikuwa inamwendea Chan-gyo, mwigizaji wa Jong-gil.

Nilimshika Mama mkono, akachomoka. Alipita mbele ya kamera akakinyakua kijiko cha Chan-gyo kabla hakijagusa wali.

"Simamisha kamera!" Pyo aliruka kitini. "Mama, unatuharibia!"

"Huyu anavuka. Uliniahidi."

Pyo akajikuna shingo. "Tumebadilisha. Wanakufa wote. Mtu akirudi salama, nani atalia?"

"Wewe ulimwona akifa?"

"Mama, hii ni sinema tu."

"Kama ni sinema tu, mbona umeshindwa kumwacha mmoja avuke?"

Taa zilituchoma, na Mama alikuwa amekikamata kijiko kile kama kisu. Nilidhani watamtoa kwa nguvu.

"Mwongozaji," Chan-gyo akasema, "wenzangu wasimamishe vijiko. Mimi niache nile. Tangu asubuhi sijatia kitu tumboni."

Pyo akatukana chinichini, akakubali. Mama akamrudishia kijana kijiko chake.

"Maliza," akamwambia. Naye akamaliza, hakubakisha hata punje.

Filamu ilipotoka tulikwenda kuitazama, Mama na mimi. Nilitamani umeme ukatike. Wenzake waliangushwa mmoja mmoja, kila mmoja na muziki wake. Jong-gil akaufikia mto, akaingia. Mama alinibana paja. Maji yakamfika kifuani, ng'ambo ikakaribia, majani yake yakaonekana. Ndipo ikalia risasi. Alielea chali, polepole kupita kiasi, macho wazi, na ukumbi mzima ukaangua kilio. Mama hakulia. Aliliachia paja langu.

Nyumbani alipika. Akapakua bakuli lile, lakini akaliweka mezani, si sakafuni. Kisha akachukua kijiko.

"Mama."

"Nimemwona, Mama Hae-rin. Nimemwona kwa macho yangu."

"Umemwona Chan-gyo! Jana alikuwa kwenye televisheni anatangaza tambi."

Hakucheka. "Nimechoka kumngoja," alisema, na kijiko kikaanza kushuka kwenye mvuke.

Miaka yote nimeiomba siku hiyo. Ningenyamaza tu, yangekwisha, na asubuhi ningekula wali wa moto kama watu wengine. Badala yake nilinyakua kifuniko nikakibwaga juu ya bakuli, kijiko kikagonga shaba.

"Kitoe hicho kijiko, Mama," nilisema, nalia kama mjinga. "Huo ni wali wangu. Mimi ndiye ninayeula kesho."

Akakilaza kijiko mezani. Kisha akainama, akaninyanyulia pembe ya blanketi nililaze bakuli.